Nusu ya Ukurasa Isiyo Yangu

Jumatatu

Ujumbe umeingia mchana nikiwa kazini, kwenye ile kazi inayonilipa mshahara. Kuna filamu ya familia inatafuta waigizaji. Waliona picha na wasifu niliowatumia zamani, sasa wanaomba nijirekodi video ya usaili kwa nafasi ya dada mkubwa. Kurasa za skripti zimeambatishwa. Mwisho wa kutuma ni Alhamisi usiku.

Nilizisomea ngazini, nimesimama, ili mtu asije akaniuliza nasoma nini. Baba amefariki. Watoto wake wawili wamekutana katika nyumba aliyoiacha. Dada amekuja kuchukua ufunguo, na ufunguo uko kwa mdogo wake wa kiume. Wanaongea. Onyesho linakwisha ufunguo ukiwa mezani na hakuna aliyeugusa. Hakuna kofi, hakuna kelele, wala hakuna mahali palipoandikwa "analia". Moyo ulinishuka kidogo. Onyesho la ugomvi lina pa kujificha. Unapaza sauti, watu wanadhani umeigiza. Hili halina.

Usiku nimesoma kurasa zote mara kadhaa bila kalamu mkononi. Mwalimu wetu wa darasa la jioni ana sharti hilo na halilegezi: siku ya kwanza hakuna kupaka rangi mistari yako. Anasema ukishapaka, macho yanaruka kutoka rangi hadi rangi, na maneno ya mwenzako yanageuka kuwa foleni ya kusubiri zamu. Siku zote nilimwona mkali bure. Leo nimetii, zaidi kwa uvivu wa kutafuta kalamu.

Jumanne

Nimeamka mapema kuliko kawaida ili nipate saa nzima kabla ya kazi. Nimechukua daftari, nikagawa ukurasa safu mbili. Kushoto naandika yaliyomo kwenye karatasi tu. Kulia naandika ninayoyakisia. Safu hizi hazitakiwi kuchanganyika, maana mwigizaji akishaanza kuyaamini makisio yake kana kwamba yameandikwa, hununa siku mwongozaji anapoyapangua.

Maswali ninayoyajibu humo kuhusu mhusika ni yale ya Warusi. Konstantin Stanislavski, aliyeanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898 pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko, ndiye aliyewafundisha waigizaji waanze na hali ya mhusika kabla ya kutafuta hisia zake. Mimi ni nani, niko wapi, ni saa ngapi, nimetoka wapi sasa hivi, nataka nini, nini kinanizuia. Wanafunzi wengi huyajibu kama fomu ya kuombea kitambulisho, kisha wanafunga daftari. Nami nilikuwa njiani kufanya hivyohivyo. Swali la "nataka nini" nililijibu kwa neno moja, ufunguo, nikaona kazi imekwisha.

Kisha nikasoma mistari ya kaka peke yake, kuanzia juu hadi chini, nikiruka yangu. Hapo ndipo pakafunguka.

"Umelala wapi jana?"

"Watoto hawajambo?"

"Ulipata ujumbe wangu?"

Ni maswali, na mhusika wangu hajibu hata moja. La kwanza analijibu kwa kuuliza ufunguo uko wapi. La pili anasema kuna gari linamsubiri nje. La tatu anasema baba alikuwa akiuweka ufunguo kwenye kopo. Ukisoma mistari ya dada pekee, unamwona mtu mwenye haraka, mkavu, labda mwenye tamaa ya nyumba. Ukisoma ya kaka, unamwona mtu anayekimbia. Kuna swali ambalo kaka bado hajaliuliza, na dada anataka atoke kwenye nyumba ile kabla halijaulizwa. Ni swali gani? Karatasi haisemi. Kwenye safu ya kulia nimeandika: kwa nini hukuja mazishini.

Nimefuta neno "ufunguo" kwenye lile jibu. Sasa linasomeka: nataka kuondoka kabla hajaniuliza.

Kuhusu kukariri, sijahangaika sana. Kuna watafiti wawili wa Marekani, Helga Noice na Tony Noice, waliowachunguza waigizaji kwa miaka mingi ili wajue wanawezaje kushika maandishi marefu neno kwa neno. Walichokikuta ni kwamba waigizaji wazoefu hawaanzi kwa kurudiarudia kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha. Huanza kwa kuuliza kila sentensi inamfanyia nini mwenzake, na maneno huja yakifuata nia hiyo. Waligundua pia kwamba sentensi iliyosemwa huku mwili ukitembea hukumbukwa vizuri zaidi. Basi nimetembea chumbani, mlangoni hadi dirishani, nikikwepa swali baada ya swali. Nilipotoka kwenda kazini mistari ilikuwa imeshakaa, isipokuwa ule wa kopo, ambao bado unateleza.

Jumatano

Leo kazi yote imekuwa kumpata mtu wa kunisomea kaka. Watu wa nje hudhani ni jambo dogo, kwamba yeyote ajuaye kusoma anafaa. Si hivyo. Msomaji akisoma kwa pupa, utamkimbiza. Akiigiza kukuzidi, video ni yake. Akisoma kama anahesabu mabati, utabaki unaongea na ukuta.

Nimemwita rafiki yangu tuliyeanza naye darasa. Alipofika akacheka, akatoa simu, akanionyesha: naye ametumiwa kurasa zilezile, nafasi ileile. Tulitazamana kidogo. Kisha akaniambia, "Haya dada, wewe leo, mimi kesho asubuhi." Kinyongo, kama alikuwa nacho, alikiacha mlangoni pamoja na viatu. Nami changu nilijitahidi.

Alilalamika kuhusu muda, na ana haki. Marekani, chama cha waigizaji SAG-AFTRA kiligoma siku 118 mwaka 2023, na katika mkataba uliomaliza mgomo ule mliingizwa hata habari za video za kujirekodi: kurasa za usaili wa kwanza zisizidi 8, na mwigizaji apewe saa zisizopungua 48. Waliofika mezani kudai hilo walijua ni nini kupokea rundo la kurasa usiku na kutakiwa kuwa tayari asubuhi. Sisi tusio na chama cha namna hiyo tunapokea tunachopewa na kushukuru, na mtayarishaji akitupa siku mbili tatu tunamwita muungwana.

Kabla ya kusoma tulifanya zoezi la Sanford Meisner, mwalimu aliyeanza kufundisha New York katika shule ya Neighborhood Playhouse mwaka 1935. Ni zoezi la kurudia. Mnaketi mkitazamana, mmoja anasema kitu anachokiona kwa mwenzake, mwingine anakirudia. "Umekunja uso." "Nimekunja uso." "Umekunja uso." "Nimekunja uso." Dakika za mwanzo ni upuuzi mtupu, na mtu akiwachungulia dirishani atadhani mmerogwa. Halafu bila kupanga, sauti ya mmoja inabadilika, kwa kuwa ameona jambo kweli, na mwingine anabadilika kwa kuwa amesikia. Mpangilio wa maneno haubebi chochote tena. Kinachobeba ni yule aliye mbele yako.

Tulipohamia kwenye skripti tukiwa bado na ile hali, swali la tatu lilinichoma. Rafiki yangu aliliuliza polepole, bila lawama, kama mtu anayetaka kujua tu kama mtandao ulikuwa unashika. "Ulipata ujumbe wangu?" Nikashindwa kumtazama. Sikuwa nimepanga. Jicho lilienda lenyewe kwenye meza, na mstari wa kopo, ule uliokuwa unateleza, ukatoka bila kutafutwa. Bila shaka: mtu akikosa pa kutazama hutaja kitu kilicho karibu.

Alhamisi

Siku ya kurekodi. Nimeomba ruhusa ya mchana, kwa sababu dirisha langu lina mwanga mzuri kuanzia adhuhuri hadi jua linapogeuka.

Simu imelazwa upande kwenye stendi, lenzi usawa wa macho yangu. Nimekata picha kuanzia kifuani hadi juu kidogo ya kichwa. Nyuma yangu ukuta mtupu, baada ya kushusha kalenda na picha ya familia. Mwanga unatoka mbele yangu. Ukitoka nyuma, unageuka kivuli kinachozungumza. Nguo ni ya rangi moja iliyotulia, isiyo na mistari myembamba, maana mistari hiyo huchezacheza kwenye kamera kama maji. Sikuvaa vazi la mfiwa wala kitambaa cheusi. Wanaochagua wanajua kukisia. Ukiwaletea maleba unawaonyesha kwamba hukuwaamini.

Sauti imetutesa kuliko picha. Feni tulizima, friji tukachomoa, simu nyingine zote nje. Kisha mtu wa nyumba ya pili akaanza kugonga misumari, na aligonga kwa moyo. Tukakaa sakafuni tukimsubiri, tukicheza na vitanza ndimi ili midomo isipoe. Cha kwangu nilikitunga mwenyewe: Tatu alitatua tatizo la tatu, Tito akatatiza utatuzi wa Tatu. Rafiki yangu alikwama kwa Tito kila mara.

Msomaji anasimama bega kwa bega na lenzi, karibu sana. Akisimama mbali, kamera itaona sikio lako na upande mmoja wa shavu, na sikio halijawahi kumpa mtu nafasi. Anapaswa pia kushusha sauti chini ya yako, kwa sababu yeye ndiye aliye jirani na maikrofoni. Lenzi yenyewe nimeitazama mara moja tu, mwanzoni, nilipojitambulisha: jina, urefu, nafasi ninayoiombea. Sehemu hiyo watu wengi huitupa. Wanataja jina lao kama wanaomba radhi, kisha wanavuta pumzi na kuingia kwenye uigizaji. Lakini yule anayejitambulisha ndiye watakayefanya naye kazi wiki nzima, na watamtazama vilevile.

Tulirudia hadi mwanga ukaanza kuwa wa njano. Katika kuchagua tulikosana kidogo. Rafiki yangu alitaka ile ambayo machozi yalinilengalenga mwishoni. Anasema ina uzito. Mimi nilitaka ile isiyo na chozi, ambayo kwenye swali la tatu jicho linakimbilia mezani na linachelewa kurudi. Katika ile ya machozi nilikuwa najua ninalia. Ilionekana. Nimetuma ya meza.

Jina la faili nimeliandika kama walivyoelekeza, herufi kwa herufi.

Jumatatu

Kimya.

Kimya ndicho jibu la kawaida katika kazi hii, na mtu asiyekiweza atafute nyingine. Nimeambiwa na wazoefu kwamba ukishatuma, futa kichwani. Wengine hufuta hata video yenyewe kwenye simu. Sijafuta. Nimeitazama usiku mara moja, nikaona ukuta una doa.

Ujumbe mmoja umeingia lakini si wao. Mtu asiyejulikana anasema amenichagua kwa tangazo kubwa, bila usaili, uso wangu "umempendeza mteja". Ninachotakiwa ni kulipia usajili, kisha nimkute mkurugenzi saa mbili usiku katika chumba cha hoteli kwa mazungumzo ya mkataba. Nimemtumia rafiki yangu, naye akanijibu kwa kunitumia wake: maneno yaleyale, hadi makosa ya tahajia.

Haya mambo mawili ningependa kila anayeanza ayajue kabla hajajua hata kusimama mbele ya kamera. Usaili wa kweli haulipiwi na mwigizaji. Fedha katika kazi hii hutoka kwa mtayarishaji kuja kwako, haziendi kinyume. Na usaili haufanyiki chumbani kwa mtu. Mwaka 2018 SAG-AFTRA hiyohiyo iliwataka watayarishaji na mawakala waache kuwaita watu kwenye vyumba vya hoteli na nyumba za watu binafsi kwa mikutano ya kazi, na ikawashauri wanachama wake wasikubali. Huhitaji kuwa mwanachama ili ulitumie sharti hilo. Anayetaka kukuona kweli atapata ukumbi, mchana, na watu wengine ndani.

Nimemfungia.

Ijumaa

Wamepiga simu! Nimeitwa tena, ana kwa ana, Jumanne. Mwongozaji mwenyewe atakuwepo. Kurasa zilezile.

Rafiki yangu hajapata kitu. Nilimwambia mwenyewe, kwa simu, kwa sababu kulisikia kutoka kwa wengine kungeuma zaidi. Alinyamaza, akasema "hongera" iliyo ya kweli nusu na nusu, kisha akauliza atakuja saa ngapi kunisomea.

Jumapili

Tatizo la kuitwa tena ni kwamba sasa una kitu cha kupoteza. Wiki iliyopita nilikuwa huru. Sasa nimeshaanza kuiga video yangu. Kwenye swali la tatu jicho linakwenda mezani kwa sababu ndivyo lilivyofanya mara ile, na rafiki yangu amenikatiza: "Umeenda mezani kabla sijamaliza kuuliza." Ni kweli. Nilikuwa nawahi miadi.

Basi tumeivunja. Tumesoma tukiwa tumepeana migongo. Tumesoma kwa kunong'ona, tukasoma tukikunja nguo, tukabadilishana, nikawa kaka. Kuwa kaka kumenisaidia kuliko yote. Ukisimama upande ule unagundua kwamba kila unapouliza unapewa kisogo, na bado unauliza tena. Yule kaka ana subira ya ajabu. Dada hawezi kuikimbia subira hiyo kwa ukavu peke yake. Lazima impendeze pia, hata kidogo. Hilo sikuliona kwenye video.

Jumatatu usiku

Woga umefika na mizigo yake: mdomo mkavu, tumbo linazunguka, viganja vimelowa. Zamani nilijiambia "tulia, tulia", na sijawahi kutulia kwa kuambiwa. Alison Wood Brooks, mtafiti wa Harvard, alichapisha mwaka 2014 majaribio kuhusu watu waliotakiwa kuimba, kuhutubia na kufanya hesabu wakiwa na wasiwasi. Waliojiambia kwamba wana hamu walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Ina mantiki. Moyo unaodunda kwa woga na unaodunda kwa hamu ni moyo uleule. Kuugeuza jina ni rahisi kuliko kuusimamisha. Kwa hiyo nimesema kwa sauti, mbele ya kioo, "Nina hamu." Nimejiona mjinga, lakini mjinga mwenye hamu.

Pia natoa pumzi ndefu kuliko ninavyoivuta. Hilo halina falsafa, linapunguza tu mbio za moyo.

Jumanne

Nimefika mapema, nikazunguka jengo hadi muda ulipokaribia, kwa sababu kukaa muda mrefu kwenye chumba cha kusubiri kunaharibu. Ukiingia unakutana na wenzako wanaofanana nawe: umri wako, urefu wako, mmoja hata blauzi ya rangi yangu. Kila mmoja ameielekea sehemu yake ya ukuta akinong'ona. Nilisikia "kopo" kutoka pande tatu. Dada mmoja alitaka kupiga soga, akaniuliza nimefanya filamu ngapi, namjua nani ndani. Labda ni woga wake tu, labda ni mbinu. Nilimjibu kwa tabasamu, nikaenda msalani.

Ndani: meza, watu watatu, kamera kwenye stendi, alama ya utepe sakafuni pa kusimama. Anayeteua waigizaji akanikaribisha kwa jina, mwongozaji akaitikia kwa kichwa, wa tatu hakuinua macho kwenye kompyuta yake. Msomaji alikuwa kijana aliyeketi kando ya kamera, na ilionekana amesoma kaka yule tangu asubuhi. Alisoma akiwa ameinamia karatasi. "Umelala wapi jana." Bila alama ya kuuliza.

Hapa ndipo wengi huanza kuigiza mbele ya mtu wa kufikirika, yule kaka waliyemzoea nyumbani. Nilihisi nami navutwa huko, kwenye sauti ya rafiki yangu. Kisha nikamtazama kijana. Alikuwa amechoka kweli, kidole gumba kina wino, anakuna sikio kwa kalamu. Nikaona: huyu ndiye mdogo wangu. Amekaa na msiba wiki nzima peke yake, ameulizwa maswali na watu wote, sasa hana nguvu hata ya kuniinulia uso. Sikulazimika kumkwepa, yeye ndiye hakuwa ananitazama. Swali la tatu aliliuliza karatasi. Mimi ndiye niliyebaki namtazama yeye, utosi wake, nikingoja ainue kichwa na nikiomba asiinue.

Jicho halikwenda mezani. Mwongozaji aliandika kitu.

Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Asante dada. Turudie, lakini ufunguo tayari uko mfukoni mwako. Umeshauchukua kabla hajaingia."

Nilitaka kumuuliza, mbona mwishoni uko mezani? Sikuuliza. Maelekezo ya namna hii hayatolewi ili yalingane na skripti. Wanataka kujua kama unaweza kuachia ulichokuja nacho, na mwigizaji anayejitetea kwenye usaili atajitetea na kwenye kazi. Nikashika mfuko wa sketi, usio na kitu, tukaanza.

Maneno ni yaleyale. "Ufunguo uko wapi?" ukawa uongo. Ukawa mtego mdogo wa kutaka kujua kama kaka ameshaona kopo tupu. Gari linalonisubiri nje likawa kweli nalihitaji, sasa hivi, kabla hajagundua. Na kila alipouliza swali la upole, wizi wangu uliongezeka uzito mfukoni. Alipofika kwenye "Watoto hawajambo" nilicheka. Kicheko kibaya, kifupi. Kijana akainua uso kwa mara ya kwanza tangu niingie, na mstari uliofuata akanisomea mimi, si karatasi. Wa kwenye kompyuta pia akatazama.

Nilidhani wamemaliza. Anayeteua akanipa ukurasa mwingine: jirani, mama anayekuja kuwapa pole, anayejua kila kitu na kujifanya hajui. Dakika chache za kupitia, kisha soma. Kusoma bila maandalizi kuna ujanja mmoja tu ninaoujua. Usizame kwenye karatasi wakati mwenzako anaongea. Zama ukishamaliza kumsikia, chota sentensi yako, inua uso, sema. Kimya kidogo katikati hakiui mtu. Nilimfanya jirani mpole kupita kiasi, yule mtu anayekushika mkono na haachii. Mwongozaji alicheka mahali ambapo sidhani pameandikwa kichekesho.

"Asante sana, dada. Tutawasiliana."

"Asanteni." Nikatoka. Sikuuliza nimefanyaje, wala lini nitajua. Ngazini nikagundua kwamba bado nimeushika mfuko.

Jumatano

Nimerudi kazini. Nimepanga mafaili. Jioni mwalimu hakuniuliza kama nilifanya vizuri. Aliuliza msomaji alikuwa amevaa nini. Nikamwambia shati la kijani, kifungo cha juu kimekatika, wino kidoleni. Akasema "sawa", akaendelea na darasa.

Ijumaa ya wiki iliyofuata

Wamepiga. Nafasi ya dada imekwenda kwa mwingine. Walinieleza na sababu, jambo ambalo si desturi: kaka alikuwa ameshachaguliwa, naye uso wake ni wa kitoto, wakahitaji dada anayeonekana kama aliyemlea. Nikisimama naye tunaonekana mapacha. Sababu za namna hiyo huwezi kuzifanyia mazoezi. Anayeteua huleta watu anaowaamini, lakini neno la mwisho ni la mwongozaji na mtayarishaji, nao wanapanga nyuso za familia nzima, si uso wako peke yake.

Iliniuma hadi mchana. Nilimpigia rafiki yangu, akatukana kwa niaba yangu kwa muda wa kutosha, nikajisikia vizuri.

Halafu sentensi ya pili ya simu ile, ambayo nilikuwa sijaisikia sawasawa kwa uchungu wa ya kwanza, nikaithibitisha kwa barua pepe: wananitaka kwa jirani. Siku mbili za kazi, maonyesho mawili, mkataba umeambatishwa. Nimeusoma wote kabla ya kukubali, hasa sehemu ya malipo na ile ya saa za kazi, na nimewauliza maswali mawili ambayo wameyajibu bila kununa.

Wanaohusika na mavazi wanataka vipimo vyangu leo kabla ya saa kumi na moja: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, viatu. Sina futi kamba. Nimemgongea mtu wa nyumba ya pili, yule wa misumari, anayo ya chuma ya kupimia mbao. Kiuno kwa hiyo kitakuwa makadirio.